Usiku tuliopanda miche

Nina hadithi moja ambayo nimeisimulia pengine mara hamsini. Nimeisimulia bwenini taa zikiwa zimezimwa, nimeisimulia msibani tukisubiri mwili ufike, na nilimsimulia mke wangu kabla hajakubali kuwa mke wangu. Naamini ilisaidia.

Ni usiku wa mwaka 1983, Morogoro. Mimi nina miaka sita, dada yangu ana minane. Baba anatuamsha kwa kututikisa miguu. Nje mbalamwezi imewaka hata miiba ya michongoma ya uani unaweza kuihesabu. Mama ameshika ndoo, baba ana jembe begani, na sote wanne tunazunguka nyuma ya nyumba kwenda kupanda miche. "Shikeni taratibu, miche isivunjike," baba anasema. Halafu anatuonya tusimwambie mtu. Anachimba huku akipiga mluzi wa chini chini, wimbo wa Mbaraka Mwinshehe. Kukicha tunakuta mpapai mchanga umesimama pale nyuma, majani yake yamelegea kwa umande. Mwaka uliofuata tukala mapapai.

Hapo huwa nanyamaza kidogo, kisha naweka kiitikio changu: siku hizi ni baba gani anayewaamsha wanawe usiku wapande mti?

Mwaka jana mtu mmoja aliweka mtandaoni picha ya redio ya National, ile yenye mkoba wa ngozi, na pembeni yake betri zimeanikwa juani juu ya bati. Chini aliandika maneno mawili tu: "Zamani raha." Nikaingia na hadithi yangu, ndefu, na mapapai yake yote. Siku ile nilipendwa! Watu kwa makumi wakaniambia nimewakumbusha mbali. Mama mmoja akaandika kwamba hata kwao baba alikuwa akiwaamsha usiku, na alipofika mwisho wa ujumbe wake tayari alishakumbuka na mwembe. Mwingine akasema ndiyo maana sisi tuna adabu. Dada akaichukua akaipeleka kwenye kundi la WhatsApp la familia, mjukuu akamsomea bibi yake, na baada ya nusu saa ikaingia sauti ya mama, dakika nne na ushei, jogoo akiwika nyuma yake kama kawaida.

Alianza na salamu, akauliza hali ya mke wangu na hali ya goti langu. Kisha akasema: "Sasa mwanangu, hiyo miche unayowaambia watu, si ilikuwa ya sabuni?"

Niliirudia ile sauti mara tatu.

Kwa msomaji aliyekulia kwenye sabuni ya unga, nieleze. Sabuni ya kufulia huuzwa kwa mche: kipande kirefu, cha buluu au cha manjano, ambacho mwenye duka hukikata kwa uzi au kwa waya kufuatana na hela uliyonayo. Mche mmoja, miche miwili. Na mpapai ukiwa bado haujahamishwa kitaluni, nao ni mche. Kiswahili kimeviweka vitu hivyo viwili ndani ya neno moja, na mtoto wa miaka sita aliyeamshwa usiku akaokota kile kilichomfaa. "Shikeni taratibu, miche isivunjike." Jaribu kuisoma tena sentensi hiyo ukijua ni sabuni. Haina kasoro hata chembe.

Ilikuwa miche 14. Mama alikuwa ameletewa na mtu wa treni kutoka Dar es Salaam, na kazi yake ilikuwa kuikata vipande vidogo vidogo na kuwauzia jirani jioni jioni, faida yake haizidi hela ya chumvi na dagaa. Kwa lugha ya mwaka ule, mama yangu alikuwa mlanguzi.

Nadhani wengi wanaoandika "zamani raha" wameusahau mwaka ule, au walikuwa wadogo kama mimi. Vita vya Kagera vilikwisha mwaka 1979 na kuacha hazina imekaukiwa. Mwalimu alituomba tufunge mkanda kwa miezi 18, na watu wazima wa enzi hizo hadi leo wanakutania kwamba miezi ile 18 ilikuwa mirefu kuliko yote duniani. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, mafuta yakapanda bei, na fedha za kigeni za kununulia vipuri hazikuwepo. Morogoro ulikuwa mji wa viwanda, na kiwanda bila kipuri ni banda kubwa tu la popo. Kiwanda cha viatu kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kwa ndoto ya kuuza viatu hadi Ulaya, hakikuwahi kufikia hata asilimia 5 ya uwezo wake. Baba hakuwa kwenye kiwanda hicho, alikuwa kwenye kingine, na alitusimulia ukubwani kwamba zamu nzima ingeweza kupita wanacheza drafti kwa vizibo vya soda.

Sukari, sabuni, mafuta ya kula, nguo, betri, vyote vikaitwa kwa jina moja la kiserikali: bidhaa adimu. Vilikuja kwa mgawo, balozi wa nyumba kumi akiwa na orodha yake ya kaya, na ulichokikosa kwenye mgawo ulikipata mlango wa nyuma kwa bei ya kuruka. Halafu mwishoni mwa Machi 1983, Waziri Mkuu Edward Sokoine akaanzisha msako wa walanguzi na wahujumu uchumi. Ikaja na sheria maalumu, na chini ya sheria ile mtuhumiwa hakuwa na wakili wala dhamana. Waliolengwa walikuwa vigogo wenye maghala, na wapo waliostahili, siwaonei huruma. Lakini hofu haisomi sheria mpaka mwisho. Watu walimwaga sukari mitoni. Vitenge viliokotwa vichakani. Na baba yangu, mtu ambaye hakuwahi kutoka kiwandani hata na msumari, akachukua jembe.

"Mluzi?" mama aliuliza kwenye sauti yake ya pili, maana ya kwanza haikumtosha. "Baba yako meno ya mbele hana, apige mluzi na nini? Alikuwa anahema."

Ule mpapai uling'olewa jalalani, pale yanapoota mapapai yenyewe kutokana na mbegu za kutupwa, ukachomekwa juu ya shimo ili udongo mbichi usitiliwe shaka. Ulikufa ndani ya wiki tatu. Masika ilikuwa imekolea, maji yalishuka kwenye sabuni, na mzizi hauna mapenzi na sabuni. Mapapai ninayoyakumbuka, utamu wake, namna tulivyoyakata na kuondoa mbegu kwa kijiko, yalikuwa ya jirani. Na kwa jirani huyohuyo mama alikuwa akiomba majani ya mpapai ya kufulia. Ndiyo, tulikuwa tunafulia majani ya mpapai. Unayaponda, unayaloweka, yanatoa povu kidogo na ukijani ambao hautoki kwenye shati jeupe. Mama alifulia majani kwa wiki kadhaa huku sabuni iko hatua kumi kutoka pale alipokaa, chini ya ardhi, na hathubutu kuigusa.

Lakini sehemu iliyonikalisha kitako ni ya balozi.

Katika hadithi yangu balozi yumo. Sikuwa nimemtaja hapo juu kwa sababu simtaji kila mara, namtaja ninapokuwa na wasikilizaji wanaopenda siasa. Asubuhi baada ya kupanda, balozi alipita, akaukagua mti wetu, akamshauri mama kwamba umekaa karibu mno na choo. Nilikuwa nikimtumia kama mfano wa uongozi wa zamani: kiongozi anajua hadi mti wako umekaa wapi. Mtandaoni nilimwongezea chumvi kidogo, nikaandika kwamba enzi hizo hakuna aliyekuomba kitu kidogo.

Mama anasema balozi hakuja peke yake, alikuja na mgambo wawili, wanapita nyumba kwa nyumba. "Na wewe," akasema, "ukawakimbilia na tumbo lako nje ukawaambia, jana usiku tumepanda miche!"

Anasema miguu ilimfa ganzi. Balozi alizunguka nyuma, akautazama mpapai, akautazama udongo, akamtazama mama. "Umeupanda karibu na choo mno huu, hautazaa." Kisha akawageukia wale mgambo: twendeni. Tangu mwezi ule, kila mwisho wa mwezi, nusu mche wa sabuni ulikwenda kwa balozi, umefungwa kwenye gazeti, chini ya vitumbua. Ulikwenda hadi miche ilipokwisha.

Mama hamlaumu. Anamtaja kwa heshima mpaka leo, na alipokufa alikwenda kumzika. "Angetaka kutumaliza angetumaliza," anasema. Nami sijui nimweke wapi sasa mzee wa watu. Alituokoa, na alituchukulia sabuni. Kwenye hadithi za zamani raha hakuna kiti cha mtu wa namna hiyo, na kwenye hadithi za zamani shida vilevile hakuna.

Nilimpigia dada. Nilitaka aniunge mkono walau kwenye mbalamwezi. Akasema yeye hakumbuki mwezi wowote, anakumbuka mvua na baba akiteleza. (Mama baadaye alituamua: mwezi ulikuwepo usiku wa kufukia, na ndio uliowatia hofu ya kuonekana, mvua ilikuwa usiku wa kufukua.) Na sabuni? "Nilijua ni sabuni. Nilikuwa na miaka minane, pua ninayo."

"Sasa miaka yote hii mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unaisimulia vizuri."

Dada ana zamani yake, na haifanani na yangu. Chukua foleni. Mimi nakumbuka foleni ya duka la ushirika kama uwanja wa michezo: watu wazima wameweka mawe na matofali kuwashikia nafasi, sisi watoto tunaruka kati ya yale mawe, kila jiwe lina jina la mwenyewe, hili la mama fulani, lile la mwalimu. Yeye alikuwa mkubwa kidogo, kwa hiyo alikuwa ndiye jiwe. Aliamshwa saa 10 alfajiri, akasimama na khanga ya mama mabegani, akashikilia nafasi mpaka jua litoke, na siku moja zamu yake ilipokaribia akafunguliwa dirisha na kuambiwa imekwisha. Hata leo benki au kituo cha basi ukimsimamia karibu nyuma yake anageuka kwa ukali usioeleweka. Miaka miwili ya tofauti ya umri, nyumba moja, foleni moja.

Kuna Mwingereza mmoja, Frederic Bartlett, wa Cambridge, aliyewapa watu hadithi ya wenyeji wa Amerika Kaskazini waisome, kisha akawataka waisimulie tena baada ya muda. Matokeo aliyachapisha mwaka 1932. Wasomaji wake hawakusahau tu, waliitengeneza. Yale mageni kwao yaliyeyuka, na mtumbwi wa ile hadithi ukarudi ukiwa mashua, kwa sababu mashua ndiyo waliyoizoea. Nilipolisoma jambo hilo miaka iliyopita nilicheka. Sikujua kwamba kichwani mwangu kulikuwa na sabuni iliyogeuka mpapai, na mpapai umezaa.

Nirudi kwenye ile picha ya redio, maana ndiyo iliyoniponza.

Redio yetu ilikuwa National, na betri zikidhoofu tulizianika kwelikweli, mchana kutwa, tukazigeuza kama dagaa. Kwangu redio ile ni Mama na Mwana. Ni sauti ya mwanamke anayesimulia hadithi ya sungura huku mimi nimelala kifudifudi kwenye mkeka. Ni kadi za salamu, majina ya watu wa Nachingwea na Sengerema nisiowajua lakini nikawa nawajua, na matangazo ya vifo, "habari ziwafikie popote walipo", ambayo kwa ujinga wa utoto niliyapenda kwa sababu yalikuwa na majina mengi ya vijiji. Nchi nzima ilikuwa inasikiliza kitu kimoja. Sasa hivi nyumbani kwangu watu wanne tuna simu nne na vipokea sauti vinne masikioni, na nikisema nayatamani ya kusikiliza pamoja simdanganyi mtu.

Ila tulisikiliza pamoja kwa sababu hapakuwa na pengine pa kusikiliza. Redio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa peke yake. Redio na televisheni za watu binafsi zilikuja Tanzania Bara miaka ya 1990, baada ya sheria ya utangazaji ya mwaka 1993. Na nilipomuuliza mama anakumbuka nini kwenye redio ile, hakutaja sungura. Alisema mwaka ule akisikia taarifa ya habari inaanza, na habari za waliokamatwa, anatoka nje kwenda kuangalia kama udongo umetulia.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe 12 Aprili 1984, Sokoine akafa kwa ajali ya gari pale Dakawa, njia ya Dodoma, si mbali na kwetu. Nilikuwa nimeanza darasa la kwanza. Mama alilia. Hilo nalo nilimuuliza: ulilia kwa mtu aliyekufanya uzike sabuni? Aliniangalia kama ninavyomwangalia mwanangu anapouliza maswali ya kitoto. "Alikuwa mtu mwema," akasema, "na alikuwa kijana." Basi. Yeye haoni mgongano wowote hapo, na nimeacha kumtafutia.

Sitaki nieleweke vibaya. Siku hizi imezuka fasheni nyingine ya kuiponda ile enzi yote, kana kwamba ilikuwa foleni kuanzia mwaka 1967 hadi Mzee Mwinyi alipokuja na ruksa zake. Mimi nilisoma bila ada. Mama yangu aliyeishia darasa la nne alirudi kwenye kisomo cha watu wazima akasahihisha mwandiko wake, na hadi leo orodha zake za sokoni zina nukta mwisho wa kila mstari. Haya yalikuwepo, sikuyaota kwenye mbalamwezi. Ninachogomba nacho ni lile neno raha, kwa sababu nimeshagundua nani alikuwa analilipia.

Wenye muziki wana neno zuri zaidi, zilipendwa. Neno hili ni janja sana ukilitazama kisarufi. Zilipendwa na nani? Halisemi. Mpendaji ametolewa kwenye sentensi kwa adabu, zimebaki nyimbo na wakati uliopita. Na hata huo wakati uliopita ni wa uongo, maana usingezipenda leo usingezipiga. Sisi watu wa Morogoro tuna mgao wetu mkubwa humo: Salum Abdallah na Cuban Marimba, kisha Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano, aliyekufa kwa ajali Mombasa Januari 1979. Nenda harusi yoyote ya watu wa rika langu, subiri ipigwe zilipendwa, uone vitambi vinavyoinuka kwa furaha wakati Mbaraka anaimba wimbo wake unaoitwa "Shida". Tunaicheza "Shida" mikono juu. Na mimi nimo.

Mwezi wa sita nilikwenda Morogoro. Nilitaka kuliona shimo, ingawa nilijua hakuna shimo. Choo kile cha zamani kilishafukiwa, na pale nilipopanda mpapai wangu pamejengwa jukwaa la tofali lenye tangi jeusi la maji la lita 2,000. Nilisimama pale nikijaribu kuhisi kitu. Sikuhisi kitu, jua lilikuwa kali.

Mama alikuwa kibarazani anachambua mchele. Nikakaa. Nikamwambia nadhani nitaifuta ile hadithi mtandaoni, nimewadanganya watu.

"Wameumia?"

"Hawajaumia."

"Basi iache."

Nikamwambia labda ni hivyo, kama wahenga walivyosema, ya kale hayanuki.

Mama aliweka ungo chini. "Hiyo methali umeikata. Sema yote."

Nina miaka 48, nina watoto, nilikuwa mbele ya mama yangu. Nilisema kwa sauti ndogo: "Mavi ya kale hayanuki."

"Ehe." Akaendelea kuchambua. "Na aliyeisema hakuwa mwanamke wa kufua. Ile sabuni tuliifukua imekuwa kama uji, ina mchanga, na choo ndiyo hicho kiko jirani. Nimeifulia sare ya dada yako, amekwenda nayo shule, amerudi analia wenzake wamemkimbia. Imenuka mpaka tukamaliza mche wa mwisho. Ningeitupa? Ningeitupa nifulie nini?"

Sikuwa na jibu. Nikachukua kiganja cha mchele nikaanza kuchambua nami, nikatoa jiwe moja.

Mchana joto lilipozidi akawasha redio yake ndogo, ya kuchaji kwa jua, na kama mtu aliyepangiwa, mtangazaji akaweka Super Volcano. Mama akaanza kutikisa bega moja. "Mwaka 1974," akasema bila kuulizwa. Nami nikajua sasa ni zamu yake.

Ndiyo kwanza walikuwa wameoana, dada hajazaliwa. Baba alikuwa na suruali ya bugaluu inayofagia barabara na viatu vya raizoni, mtu mfupi anarudi nyumbani mtu mrefu. Jumamosi walikuwa wakitembea kwa miguu kwenda dansini na kurudi kwa miguu usiku wa manane, viatu mkononi, hakuna mwizi, hakuna bodaboda. Kulikuwa na unga wa njano kutoka Marekani, unga wa Yanga, na baba ambaye ni Simba damudamu alikuwa akiapa kila chakula cha usiku kwamba anakula kwa sababu ya njaa tu, hajahama timu. Mama alicheka mpaka akafuta macho kwa upindo wa khanga. "Maisha yalikuwa matamu yale," akasema. "Nyie hamkuyaona."

Sasa, mjomba wangu wa Mgeta, kaka yake mama, aliwahi kuniambia habari za mwaka huohuo. Mvua zilikuwa zimegoma tangu mwaka uliotangulia, ndiyo sababu ya ule unga wa msaada. Anasema dada yake alipanda mlima kuja kwao amekonda hata mama yao hakumtambua njiani, na kwamba khanga zake za harusi, doti sita, aliziuza zote kwa debe la mahindi. Mjomba ndiye aliyebeba lile debe kumteremshia mpaka mjini.

"Na zile khanga zako za harusi, mama," nikauliza, "ziliishia wapi?"

"Zile?" Alipunguza redio kidogo, akafikiri. "Zilichakaa tu. Khanga zitakaa milele?"

Nikasema kweli, hazikai milele. Akanitazama kwa muda, akauliza nacheka nini. Nikamwambia sicheki. Akarudisha sauti ya redio pale ilipokuwa, akaniambia nilete maji ya kunawa, wali uko tayari. Na sabuni, akasema, iko uvunguni mwa kitanda changu, kata kipande cha ule mche uliokwishaanzwa, usifungue katoni mpya.